Mwisho wa Mpelelezi Umepotea Kibondo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Duka langu la vitabu vya katuni ndilo pekee Kibondo nzima. Unadhani wananiheshimu? Thubutu! Wanaingia, wanasoma wima mpaka mwisho, wanacheka, wanarudisha kitabu kikinuka maandazi, wanaondoka. Leo bwana mmoja mwenye tai kaniuliza kwa nini sina kiti. Kiti!

Wakala wa Kasulu naye kaleta hadithi ya mpelelezi sehemu ya pili na ya tatu. Ya kwanza je? Eti imeisha. Na ng'ambo ya barabara Shadia, muuza vifaa vya simu, anawarushia watu katuni zilezile kwenye simu zao. Wizi mchana kweupe! Mke wangu Kezia anasema tufunge, tuuze maharage. Maharage! Mimi, Venanti!

Jumanne, 10 Juni

Dawa yao nimeipata. Nimechana ukurasa wa mwisho wa kila kitabu. Ukinunua, unapewa ukurasa wako. Ukidoea, utabaki unajiuliza. Kezia akauliza nitajuaje ukurasa upi ni wa kitabu kipi. Nimemwambia mambo ya biashara aniachie. Kurasa zote ziko kwenye beseni.

Mchana wadoeaji wamefika mwisho wa mpelelezi, hakuna mwisho. Wamelia kama wamefiwa. Raha iliyoje!

Jumatano, 11 Juni

Upepo! Umeingia na vumbi lake jekundu bila hodi, ukabinua beseni. Kurasa mpaka barabarani, chini ya bodaboda. Nimeokota zote. Hazina namba! Wachoraji gani hawa? Nimezirudisha vitabuni kwa kukadiria.

Ijumaa, 13 Juni

Jana Immakulata wa Kitahana alinunua mpelelezi, sehemu ya tatu, kwa ajili ya mumewe, Mzee Hatungimana, aliyevunjika mguu. Leo mzee kaja mwenyewe, juu ya magongo. Angefoka ingekuwa afadhali. Kaweka kitabu mezani, kaniomba nimsomee mwisho.

Nikasoma. Mpelelezi anamkamata muuaji, anamvua kofia. Nikafunua. Mbuzi anaogeshwa dawa ya kupe, mfugaji anatabasamu.

Mzee akasema, "Venanti mwanangu, nimelala na maumivu haya nikisubiri kumjua muuaji. Ndiye mbuzi?"

Duka zima likaangua kicheko. Nikajibu kwamba sanaa ina mafumbo yake. Mzee hakucheka. Machozi yalimlengalenga. Yebabawe! Nimejisikia vibaya kweli. Nimemlaumu wakala.

Jumamosi, 14 Juni

Shadia kaja dukani. Nilidhani kaja kunicheka. Kumbe kafungua simu yake, tukakaa sakafuni tunalinganisha picha, kila ukurasa ukarudi kwenye kitabu chake. Kezia kagundisha kwa uji wa muhogo. Wanawake hawa wanaelewana mno!

Shadia akashauri niweke benchi, Kezia auze chai na maandazi, watu wasome wakinywa. Atakayependa hadithi atanunua. Yeye ataacha kurusha nilizonazo. Kezia akaitikia kabla yangu.

Halafu wamenilazimisha nimpelekee mzee mwisho wake. Nimepanda bodaboda hadi Kitahana, nikamkuta kitandani, majirani wamemzunguka. Kasoma taratibu. Ghafla kapiga kelele: "Shemeji! Nilisema mimi! Ni shemeji yake!" Majirani wakashangilia kama harusi. Mzee kanishika mkono, hauachii. Kaniambia nina duka zuri kuliko yote aliyowahi kuona.

Nilikohoa kwa sababu ya vumbi.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nawaza. Hakuna mshindani anayekusaidia bure. Shadia ananiogopa! Benchi la nini? Kuwakalisha wadoeaji? Sifanyi ng'o.

Na kosa nimeliona. Watu wanapenda sana mwisho, ndiyo maana wamelalamika. Ila nani amewahi kulilia ukurasa wa katikati?

Nimenunua wembe mpya. Kezia asijue.