Punje Yangu Kwenye Bakuli la Koo

Jumatatu, 15 Septemba
Ugali umekwama tena. Tonge dogo, la mtoto! Nikalisukuma kwa maji. Trizah akauliza kama siku hizi mapishi yake yamenishinda. Nikamwambia nimefunga kwa maombi. Mke wangu akaitazama tu sahani. Ninaogopa. Nimeandika, basi.

Habari njema: Alhamisi kuna mkutano wa wananchi hapa Malaba, mpakani. Serikali inatayarisha mpango wa kitaifa wa saratani, na inataka tuseme ipi ianze kushughulikiwa. Mimi nataka koo lianze. Mashine ya kuchungulia koo iletwe hapa hapa. Siku ya ufunguzi watapimwa wote, nami nitapanga foleni kama mzalendo yeyote. Kwenda hospitali ya rufaa peke yangu ni kukiri kwamba naumwa. Siumwi.

Jumanne, 16 Septemba
Kikwazo kina jina: Mildred. Muuguzi, jirani, na ndiye aliyenishinda uenyekiti wa kamati ya afya. Yeye anataka mlango wa kizazi uanze, na akina mama wa soko zima wako nyuma yake. Kura ni punje ya haragwe. Kila mtu anapewa moja, anaitia kwenye bakuli la ugonjwa autakao.

Lakini mimi ni ajenti wa forodha! Barabarani kuna foleni ndefu ya malori, na madereva wamekaa tu. Nimewaahidi chai na mandazi wakija kulipigia koo kura. Okiria, ajenti mwenzangu, atawapanga. Nilimtazama akila mchana. Anameza tonge bila kutafuna. Wivu ulinishika hadi nikageukia ukutani.

Alhamisi, 18 Septemba
Ukumbi ulijaa madereva. Nikahutubia: tumbaku, pombe kali, chai inayonywewa ikiunguza. Madereva wakaanza kupuliza vikombe vyao. Mildred alikunja uso. Raha iliyoje!

Punje zikagawiwa. Hapo dereva mmoja mlangoni akasema, "Maboss, foleni imesonga." Ukumbi ukamwagika nje. Asiyesogeza lori hupitwa, na akipitwa, analala barabarani. Waliondoka na mandazi yangu mkononi na kura zangu mfukoni.

Mlango wa kizazi ukawa wa kwanza. Bakuli la koo lilibaki na punje mbili. Moja yangu. Nyingine ya Mildred, nilimwona akiitia. Baadaye akanifuata nje, akaniuliza polepole: mzee Mulama, koo limekusumbua tangu lini? Nikasema nawatetea madereva. Akasema Trizah amekwenda kwake akilia. Basi amenitafutia nafasi Jumatatu, hospitali ya rufaa, ya kupimwa koo kwa kamera. Nilitaka kumjibu vibaya. Nikaenda kukusanya vikombe.

Jumapili, 21 Septemba
Chakula hakipiti. Nakunywa chai tu, ya moto kabisa, ndiyo inayofungua njia. Trizah amenipigia shati pasi. Nimemwambia nitakwenda peke yangu, kiume.

Akili ilinijia kanisani. Kazi yangu ni nini? Kupitisha mizigo. Na mzigo wenye shaka hauupeleki mbele ya mkaguzi, unapeleka ulio safi. Okiria amekubali, kwa ahadi ya kuku. Kesho atakwenda na kitambulisho changu, apanue mdomo kwa jina langu. Koo lake ni zima kabisa.

Majibu yatakuwa mazuri sana. Trizah atafurahi.