Bahasha Tatu za Dawa ya Presha

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu, salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo? Panya wa hapa mtaa wa Raila hawajakugusa? Mimi mzima, na nina siri.

Zahanati ya serikali kule Kabiro imetangaza tenda ya dawa ya presha. Kila mwenye duka la dawa, kama mimi, aweke bei ndani ya bahasha, zifunguliwe mbele ya watu, wa bei ya chini apewe kazi. Sista Wanja, muuguzi mkuu, anasema pesa za umma ni kidogo, lazima tushindane ndio zitoshe. Januari dawa ziliisha. Hata mama mkwe wangu, Amondi, alirudi mikono mitupu.

Nimempigia simu Kiragu wa mtaa wa Satellite, mshindani wangu wa miaka yote. Ati yeye hana haja na tenda ndogo. Mungu ni mwema!

Jumanne, 4 Machi

Mkebe mmoja nataka shilingi mia tisa. Peke yake inaonekana ghali. Basi nimeitafutia majirani: bahasha mbili zaidi, kwa majina ya watu wangu. Binamu yangu Oketch, muuza viatu Kawangware: elfu moja mia mbili. Mke wangu Awiti: elfu moja mia tatu. Hajui. Kando ya hao wawili, mia tisa ni huruma tupu!

Nimebadilisha kalamu. Ya Awiti nimeandika kwa mkono wa kushoto. Chini ya kila karatasi nimeweka maneno ya marehemu mama, kama ninavyoweka kwa kila risiti ya duka: Mungu atangulie, sisi tufuate, amina. Siwezi kutuma karatasi bila Mungu.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu! Sista Wanja alisoma kila bahasha kwa sauti, mpaka mwisho. Yangu: akina mama kwenye benchi wakaitikia amina. Ya Oketch: amina, kwa nguvu zaidi. Ya Awiti: akina mama wakatazamana. Sista akatoa kwa mkoba risiti ya dawa ya kikohozi aliyonunua kwangu, akailinganisha na zile karatasi.

“Mungu ametangulia mara tatu, Mzee Nashon,” akasema, “na kila mara anayefuata ni wewe.”

Zote tatu nje! Zikabaki mbili, moja ya mama wa Riruta, nyingine ya Kiragu. Yule mwongo! Mia tano ishirini. Akashinda. Akanipitia mlangoni: “Mzee, hiyo yako ilikuwa kesha la maombi, si tenda.”

Awiti amejua. Nimekula ugali mkavu.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani mama mkwe amesimama kutoa ushuhuda. Amepata dawa za miezi mitatu, bure. Kwa bei hiyo zahanati imenunua karibu mara mbili ya mikebe ambayo bei yangu ingenunua. Akamwombea Kiragu baraka, kwa jina! Awiti akanitazama. Nikalia. Nimetubu kabisa.

Juni kuna tenda ya dawa ya sukari. Mimi nimefungiwa tenda mwaka mzima. Mama mkwe hajafungiwa. Wala Oketch, wala Awiti. Kosa nimeliona: safari hii kila bahasha itakuwa na sala yake.

Sala ninazo mbili. Daftari, ukipata ya tatu, fupi tu, tafadhali nijibu mapema.