Koti la Babu Kengele

Profesa hakuwahi kumfundisha mtu kitu chochote, isipokuwa kutomwamini tena. Jina hilo alilipata kwa sababu ya miwani yake, ambayo ilikuwa fremu tupu. Mteja mmoja mwenye huruma aliwahi kutaka kumfutia vumbi kwenye kioo, kidole kikapita moja kwa moja hadi kwenye jicho. Hata siku hiyo Profesa hakutetereka. Alifuta machozi akasema, "Ndiyo maana naona mbali, mama. Hakuna kinachonizuia."

Asubuhi moja ya mwanzoni mwa Desemba alikuwa amekaa kwenye benchi la korido ya halmashauri ya jiji, akisubiri kukemewa kwa kosa la kuuza dawa ya kuotesha nywele bila kibali. Tuitendee haki ile dawa: yenyewe haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa maji. Mlango wa Meya ulikuwa wazi kidogo, na sauti ya Meya ilikuwa kubwa kuliko ule uwazi.

"Mgeni wa wizarani anakuja Krismasi hii, na ameshaniuliza gwaride letu lilianza lini na nani alilianzisha. Nimjibu nini? Kwamba kumbukumbu zimeliwa na mchwa?"

"Si zote, Mheshimiwa," ilijibu sauti ya karani. "Jalada limebaki."

"Limeandikwa nini?"

"'Gwaride.'"

Kisha Meya akasema, kwa uchovu wa mtu aliyechaguliwa mara tatu, "Basi tangaza. Mwenye historia ailete, isomwe ukumbini. Na ukoo wa mwanzilishi, kama upo, nitaupa ile nyumba ya gwaride waitunze wao na watoto wao. Nimechoka kuulizwa ni ya nani."

Profesa aliinuka akaondoka bila kukemewa. Nyumba ya gwaride aliijua. Ilikuwa nyuma ya halmashauri, vyumba viwili, bomba la maji ndani, na mlango wa mbao nzito wenye kufuli ya shaba. Yeye kwa miaka kumi na moja alikuwa akilala kwenye korido ya binamu yake, nyuma ya friji. Alizijua ngurumo zake zote, ile ya usingizi na ile ya kuamka. Na wiki hiyohiyo mke wa binamu alikuwa amemwambia kwa upole ulioogopesha, "Shemeji, tunanunua friji mpya kabla ya Krismasi. Ni pana."

Kwa hiyo Profesa alihitaji nyumba. Ili apate nyumba alihitaji babu.

Alimpata siku ya pili, akiwa anakula ndizi. Babu Kengele, mguu mmoja mfupi, ndevu mpaka kifungo cha tatu. Siku moja ya Krismasi, miaka tisini iliyopita, punda wake alipotea. Babu akashika kengele akaanza kupita barabara kuu akimwita. Watu wakadhani ni sherehe, wakamfuata. Walipofika kwenye daraja walikuwa mia mbili wanaimba, na punda akatoka kichakani kuja kuangalia kuna nini. Huo ndio mwanzo wa gwaride. Profesa alipomaliza kuandika alijikuta ana simanzi kidogo. Hakuwahi kuwa na ndugu mzuri namna ile.

Mpango ulikuwa rahisi. Angeisoma historia ukumbini, watu wangelia, kisha na yeye angelia na kukiri kwamba yeye ndiye mjukuu pekee aliyebaki. Lakini habari kwamba kuna mtu anaandika historia zilienea, na hapo ndipo wateja walipoanza kujileta wenyewe.

Msomaji aelewe jambo moja. Katika gwaride la jiji lile, watu walipangwa kwa ukongwe. Familia kongwe zilitembea mbele karibu na matarumbeta, na wageni wa juzi walitembea nyuma kabisa, baada ya punda sita wanaolifuata gari la Krismasi. Punda sita, kwa mwendo wa kilomita tatu, wakiwa wamelishwa vizuri kwa ajili ya sikukuu. Mwaka uliopita Mwokaji mikate alitembea hapo akiwa amevaa viatu vyeupe. Vile viatu hakuvivaa tena.

"Profesa," alisema Mwokaji, akiweka mikate minne mezani, "hivi babu yangu hakuwepo siku ile?"

"Alikuwepo wapi hasa, kaka?"

"Hapo mbele mbele."

"Mbele kumejaa. Nina nafasi moja nzuri nyuma ya punda."

"Usiseme neno hilo!" Mwokaji akaongeza keki. "Hebu mwangalie tena vizuri. Mfupi, mnene, ana unga kwenye nyusi."

Profesa alifumba macho, akayakaza. "Subiri... Naona unga. Ndiye aliyembebea Babu Kengele ngazi?"

"Ndiye!" alipiga kelele Mwokaji, na machozi yakamtoka kweli. "Babu alipenda sana ngazi!"

Baadaye alikuja Seremala wa majeneza. Yeye alikuwa mtu mkavu, asiye na maneno mengi. Alitaka babu yake awe ametembea upande wa kulia wa mwanzilishi, na malipo aliyoleta ni jeneza la mninga, lililosimamishwa na kuwekewa rafu ili liwe kabati.

"Lina rafu ngapi?" aliuliza Profesa, ambaye tayari alikuwa anaipanga nyumba yake kichwani.

"Nne. Na mpini kwa ndani."

"Mpini wa ndani wa nini, fundi?"

"Mteja akibadili mawazo."

Hata Meya mwenyewe alikuwa na ombi. Alimvuta Profesa pembeni kwenye ngazi za halmashauri. "Bwana, historia yako itusaidie na sisi. Kila mwaka tunagombana mpaka Februari, nani azoe samadi ya punda. Hakuna anayekubali."

Profesa akatoa kalamu papo hapo. Aliandika kwamba Babu Kengele mwenyewe, akiwa kitandani, aliagiza kazi ya sepeto ifanywe na mjukuu aliye mdogo kuliko wote katika ukoo wake, bila malipo, maisha yake yote. Aliandika kwa raha kwa sababu alikuwa ameshapiga hesabu: mjukuu pekee ndiye mkubwa. Huyo mdogo wa kumzidi angetoka wapi?

Kilichobaki kilikuwa ushahidi, na ushahidi hushonwa. Ndani ya nyumba ya gwaride alikaa mwanamke aliyeitwa Mama Vifungo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshona na kutia viraka mavazi yote ya gwaride, mabawa ya malaika, joho za wafalme, hata kofia za punda, na halmashauri haikumlipa zaidi ya kumwacha alale humo. Profesa alimkuta kwenye cherehani, futi shingoni, pini nne mdomoni.

"Mama, nataka koti la zamani. Sana. Liwe limevaliwa na mtu wa miaka tisini iliyopita."

"Mm," alisema Mama Vifungo, kwa sababu ya pini.

"Na samahani kwa usumbufu unaokuja. Nyumba hii itapewa ukoo wa mwanzilishi."

Akatoa pini moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Na mimi na cherehani yangu twende wapi, mwanangu?"

"Ukoo wenyewe una huruma sana, mama. Utapewa notisi."

Mama Vifungo aliinuka. Alichukua kitambaa cheusi kwenye rafu, akakikung'uta vumbi. Kisha akaanza kuuliza kama mafundi wanavyouliza, macho yakiwa kwenye kazi. Huyo mwenye koti alikuwa na urefu gani? Mguu mfupi ni upi, maana koti litaning'inia upande. Alikuwa anaweka kengele mfuko upi? Profesa, ambaye maisha yake yote watu walimsikiliza kwa mashaka, hakuwahi kupata masikio kama yale. Alivuta kigoda. Akamweleza yote ya Babu Kengele, kuanzia ndevu hadi chai aliyopenda.

"Na watoto alikuwa nao?" aliuliza Mama Vifungo, akikata uzi kwa meno.

"Ah, zamani nani alihesabu watoto?"

"Kweli. Bitana nayo niizeeshe?"

"Zeesha kila kitu, mama. Nimekuachia wewe."

Jumatatu kabla ya Krismasi ukumbi wa halmashauri ulijaa hadi madirishani. Mgeni wa wizarani alikaa mbele na daftari mapajani. Profesa alisoma kwa saa nzima. Aliposoma pale punda alipotoka kichakani, mwanamke mmoja alizimia kidogo. Mzee mmoja alisimama bila kuombwa akaapa kwamba Babu Kengele aliwahi kumchapa makofi utotoni kwa kuiba maembe, akaonyesha na shavu. Mwokaji alilia kila ngazi ilipotajwa. Lilipotolewa koti jeusi, limechakaa, linanuka moshi na chai, ukumbi mzima ulisimama kama mbele ya maiti ya mtu mkubwa.

"Na sasa," alisema Profesa, akivua miwani ili machozi yapite, ingawa yangepita tu, "siwezi kuficha zaidi. Damu ya mtu huyu ndiyo hii inayotembea mwilini mwangu. Mimi ni mjukuu wake."

Makofi yalilipuka. Meya alikuwa ameshashika ufunguo wa shaba. Ndipo kwenye viti vya nyuma mtu akasimama, futi shingoni.

"Mheshimiwa, nina swali moja kwa ndugu yangu."

"Uliza, Mama Vifungo."

"Babu alitarizi nini ndani ya bitana ya koti, upande wa kushoto?"

Profesa alitabasamu, tabasamu likakwama njiani. "Alitarizi... vitu vingi."

"Alitarizi jina la binti yake mkubwa," alisema Mama Vifungo. "Yaani mama yangu mzazi. Na chini yake kuna kengele ndogo kwa uzi mwekundu. Mama alinisimulia kila Krismasi mpaka anafariki. Chukueni mkasi."

Karani akaichana bitana mbele ya watu wote. Jina lilikuwepo, lile lile lililoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa ambacho Mama Vifungo alikuwa amekuja nacho kwenye mkoba. Kengele ilikuwepo, kwa uzi mwekundu, imefifishwa kwa chai kwa ustadi mkubwa.

Profesa alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari ulimini: *ametarizi yeye, Alhamisi, nilimwagiza koti mimi mwenyewe!* Aliliangalia koti. Aliwaangalia watu mia nne waliosimama kwa heshima ya koti hilo. Akafunga mdomo.

"Hata babu yangu alimtaja binti huyo!" alipiga kelele Mwokaji, akihofia ngazi yake isije ikaanguka. "Alimtaja sana!"

"Naam," alisema Seremala wa majeneza. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Meya alikunja uso akamgeukia Profesa. "Na huyu je? Ni tapeli? Maana nina faili lake la dawa ya nywele mezani, na polisi yuko hapo mlangoni."

Mama Vifungo alipita katikati ya viti polepole, akafika mbele, akamtengenezea Profesa kola ya shati kama dada anavyofanya siku ya picha.

"Hapana, Mheshimiwa. Si tapeli. Mama aliniambia babu alikuwa na mtoto mwingine kule upande wa pili. Huyu ni wa huko. Ni mdogo wangu." Kisha kwa sauti ya chini iliyomfikia yeye peke yake, "Au siyo, mdogo wangu?"

Profesa alimtazama polisi. Akautazama ufunguo.

"Ndiyo, dada," alisema.

"Wengine katika ukoo?" aliuliza Meya.

"Tumebaki wawili tu."

Meya akafungua historia, akalamba kidole, akatafuta ukurasa. Alipoupata alifurahi kama mtu aliyeona Februari inakuja bila ugomvi.

Siku ya Krismasi jua lilikuwa kali na punda walikuwa wamelishwa vizuri. Mbele kabisa alitembea Mama Vifungo, koti la babu mabegani, ufunguo wa shaba ukining'inia shingoni mahali pa futi. Nyuma yake Mwokaji alibeba ngazi ambayo hakuna aliyejua ni ya nini, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefika. Seremala alitembea upande wa kulia, kimya. Kabati lake la mninga lilikuwa limeshapelekwa nyumba ya gwaride, na mabawa ya malaika yalienea vizuri kwenye rafu zote nne.

Baada ya gari la Krismasi, baada ya punda wa sita, alifuata mtu mmoja mwenye fremu za miwani na sepeto. Watu walimpigia makofi kuliko wote. Akina mama walionyeshana: yule ndiye mjukuu mdogo, tazama alivyo mtiifu kwa babu yake.

Kwenye daraja gwaride lilisimama kupumzika. Dada mkubwa alimpelekea kikombe cha chai, akamwambia kwamba kuna nafasi pale ndani, ukutani, kati ya kabati na cherehani, kama hajali kelele za cherehani. Profesa alisema hajali kelele. Aliuliza kama mlango unafungwa kwa ndani.

"Unafungwa," alisema Mama Vifungo. "Ufunguo ninao mimi."

Mgeni wa wizarani alisogea na daftari lake, akiruka kwa uangalifu. "Bwana, pole na kazi. Naomba neno moja la kumalizia taarifa yangu. Wewe Babu Kengele ulimfahamu vizuri?"

Profesa aliegemea sepeto. Mbele yake punda wa sita aliinua mkia tena, bila haraka.

"Ningemfahamu vizuri," alisema, "nisingemzaa."

Mgeni alifikiri kidogo, akaona maneno ni mazito, akayaandika yote.