Hema la Kumpeleka Mwanamize Dago

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Daktari kanifurahisha leo. Kamtazama mke wangu Mwanamize, kambonyeza tumbo, kisha kanivuta pembeni na kunambia apewe kila anachokitaka, asinyimwe kitu. Habari njema! Mwezi uliopita alikatazwa chumvi, mafuta, pweza, hata kucheka sana. Leo ruhusa zote. Nikamwambia Mwanamize kapona. Akaniangalia kama anayemwangalia mbuzi aliyevaa kofia.

Nikamuuliza anataka nini. Nilitaraji pweza wa nazi. Akasema anataka kwenda dago.

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Dago! Baba yake, mtu wa Tumbe, alikuwa akihama na wavuvi wenzake, wanakwenda pwani ya Vumawimbi na kulala hukohuko mpaka maji makubwa ya bamvua yaishe. Wanaume watupu. Mwanamke haendi dago. Mwanamize alibaki nyumbani kukwangua masufuria na kusikiliza hadithi wakirudi. Sasa, uzee huu, na maradhi hayo ya tumbo, anataka alale kule usiku mmoja, ayasikie mawimbi, kuche yupo palepale. Basi. Nikamwambia mgonjwa halazwi mchangani. Akajibu kwamba pikapu ninayo, nimlaze humo.

Akili hiyo! Na mie niliyefika darasa la sita sikuifikiria.

Nimeamua. Pikapu yangu, iliyozeeka kwa kubeba ndizi za Kengeja, itakuwa nyumba. Tena si nyumba ya kubabaisha. Jirani yetu Marhoun, ambaye mashamba ya babu yake yameshakwisha lakini maringo hayajesha, ana pikapu yenye kibanda cha faiba. Kina vioo na pazia. Pazia! Gari imekuwa biarusi. Siwezi kupita mbele ya Marhoun na mke wangu chini ya turubai kama gunia la mbatata.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeangalia simu mpaka ikazima. Wazungu wa Australia wanalala juu ya magari kama kuku. Hema liko juu ya paa, ngazi pembeni. Nimelipenda! Mwanamize akauliza nani atampandisha ngazi. Nikasema mie. Akayatazama magoti yangu, akageukia ukutani.

Nikaenda kwa Usama, fundi wa kuchomelea. Nikamtajia kibanda cha mabati. Akasema, mzee wangu, bati na jua hili, mama tutamtoa kaiva. Kijana hana adabu lakini kasema kweli. Yeye anaona afadhali nipinde vyuma viwe matao, nivifunge kwenye bodi, juu nitandike shuka zito. Chepesi, upepo unapita, jua halipiti. Nimekubali, ila nimejifanya wazo langu.

Mwanamize anasema turubai na godoro vyatosha, twende Alhamisi. Nimemwambia haraka haraka haina baraka. Akasema na yeye hana muda wa baraka. Mkali siku hizi.

Suhaila, binti yetu, mwalimu wa skuli Unguja, kapiga simu. Kauliza hali ya mama yake. Nikamwambia nzuri mno, daktari kampa ruhusa ya kila kitu. Suhaila akanyamaza. Nikasema halo, halo! Kimya. Mtandao wa Pemba huu!

Alhamisi, 8 Agosti

Matao yamekwisha. Yamependeza! Dukani nimepata shuka la kijani, zito, pana, halionyeshi vumbi. Nimelivuta mpaka likakaza kama ngoma. Mwanamize kaletwa mlangoni na kiti, katazama muda mrefu. Kauliza kwa nini kijani. Nikamwambia rangi ya mapumziko. Akasema, haya bwana, kama umeona hivyo.

Marhoun kapita akasimama. Kaniuliza nimejenga nini. Nikamwambia atajua akifika Vumawimbi kwa mwaliko. Akaligusa shuka kwa kidole, akaenda zake. Wivu!

Jumamosi, 10 Agosti

Aibu! Sijapata kuona aibu kama hii tangu nitahiriwe.

Tuliondoka kwetu Tibirinzi baada ya adhuhuri. Mwanamize kalala nyuma juu ya godoro, mto chini ya miguu. Nikaendesha taratibu, kwani kila shimo linamuuma na njia ya kaskazini haikosi shimo. Wanawake waliokuwa wakianika karafuu kando ya njia wakasimama wima. Wakajitanda kanga vichwani. Mwanamme mmoja akashuka kwenye baskeli, akachomoa kofia mfukoni, akaivaa. Nikajisemea, leo mie Jaribu nimepata heshima. Nikampungia mkono! Hakunirudishia.

Mbele kidogo nikatazama kioo. Pikipiki zimejipanga nyuma yangu, baskeli nyuma ya pikipiki, na gari ya Marhoun mbele ya wote. Nikadhani anataka kunipita. Nikakaa katikati ya njia, asipate nafasi. Nyuma huko wanavuta tahlili.

Kabla ya Konde pana msikiti. Watu wakatoka na udhu ukiwatiririka, wakanisimamisha. Wanne wakashika bodi ya nyuma, mabega tayari. Shehe akanishika mkono, kaniambia Mwenyezi Mungu anipe subira. Nikamjibu subira ninayo, ni mke wangu ndiye hana. Akaniuliza marehemu nani. Nikasema marehemu gani, Shehe, hili hema!

Ndipo nikaliona kwa macho yao. Matao. Shuka la kijani. Mwendo wa pole. Yakhe, nimetengeneza jeneza la magurudumu manne!

Mwanamize akalifunua shuka, akajiinua kwa kiwiko, akawatolea salamu. Mmoja wa wale wanne akakimbilia chooni na viatu vya mwenzake. Mwanamize akauliza nani kafa, na kama maziko ni ya mtu mwengine basi watupishe, yeye anakwenda dago. Kisha akamuona Marhoun. Kaegemea gari yake, machozi yamelowesha ndevu. Mwanamize akamwambia, “Marhoun, ndugu yangu, yaweke akiba hayo. Bado yatahitajika.”

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Shehe mwenyewe kashika nguzo. Marhoun kacheka kuliko wote, na machozi bado yanamtoka. Akatoa ufunguo. Akasema tumhamishie Mwanamize kwenye gari yake, tuichukue, Vumawimbi hapo tu, tukiupita ule msitu wa mbele tumefika, kabla ya magharibi atakuwa anaosha miguu baharini. Mwanamize akanyoosha mkono kuupokea ufunguo. Akasema haya, twende.

Nikasema hapana! Mbele ya watu wote wale? Niende dago ndani ya pazia la Marhoun? Nikageuza gari.

 Tulipofika nyumbani Mwanamize akanambia, tulikuwa tumeshafika, bwana. Nikamjibu kufika ndani ya jeneza si kufika.

Hakucheka.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeyang'oa matao. Usama kataka kuyatia rangi nyengine. Nimemwambia jeneza la buluu bado ni jeneza.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Jamaa yangu wa Wete kanitumia picha. Kontena kutoka Dubai linafika bandarini Ijumaa, linafunguliwa Jumamosi, na ndani mna hema la pikapu lenyewe, la kiwanda. Madirisha manne, kila moja na wavu wake! Kibanda cha Marhoun kina madirisha mawili. Nimeyahesabu mara nyingi.

Marhoun alikuja na ufunguo wake tena, kaweka juu ya mto wa Mwanamize. Alipotoka nikauchukua, nikamrudishia kabla hajafika kwake. Nikamwambia ahsante, sisi tunasubiri cha kwetu. Akasema, Jaribu, ndugu yangu, unasubiri nini hasa? Nikamwambia madirisha.

Mwanamize hali. Uji vijiko viwili kisha anageuza uso. Jioni kaniita. Anataka nitandike mkeka kwenye pikapu, hapahapa uani, nimbebe, nilale naye humo. Atafumba macho, na mie nimvumishie mawimbi kwa mdomo. Nikamuuliza kama ana homa. Akasema hana homa, ana hamu.

Nikamwambia uani si Vumawimbi, na gari iko wazi, majirani watachungulia, Marhoun atasema nimemlaza mke wangu kama shehena. Asubiri Jumamosi. Akasema Jumamosi mbali. Nikamwambia mbali wapi, ikipita Ijumaa tu ndio Jumamosi.

Alihamisha mkono wake kutoka kwenye wangu. Taratibu, kama anayeondoa sahani.

Alhamisi, 15 Agosti

Suhaila kaja na boti. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, wakafunga mlango. Kisha akaenda jikoni, nikamkuta macho mekundu. Akasema ni vitunguu. Nimetazama kapuni, nimetazama mekoni. Hapana kitunguu. 

Nikamwonyesha picha ya hema. Akauliza kwa nini tusiende leo, baba, na hilo godoro, mie nitamshika njiani. Nikamweleza habari ya upepo wa kusi, na vumbi, na nyavu nne. Akanisikiliza kama anavyowasikiliza watoto wake wa darasa la kwanza. Kisha akarudi kwa mama yake.

Usingizi wa Mwanamize umekuwa mzito. Nikimwita anachelewa kuitika. Nimemsogezea simu aione picha. Akaitazama. Akauliza dirisha gani litaelekea baharini. Nikasema utachagua mwenyewe! Akasema, mie nishachagua zamani, Jaribu. Ni wewe uliyebaki.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimekwenda Wete mapema. Kontena limefika, halijafunguliwa. Nimesimama mbele yake kama mtu anayebisha hodi kwa wenyewe wasiokuwepo. Jamaa yangu kasema wiki ijayo, inshallah. Kanipa picha nyengine, iliyo wazi zaidi. Si haba.

Njiani nimejifunza maneno ya kumwambia. Kwamba dirisha la kushoto ndilo la bahari. Kwamba kitambaa chake hakiitwi kijani, kinaitwa rangi ya majani makavu, watu hawatadhani kitu.

Nilipokata kona nikaiona gari ya Marhoun mlangoni kwangu. Kibanda kimefunguliwa nyuma. Nikaghadhibika. Nikasema huyu kaja kumwiba mgonjwa wangu!

Kisha nikaviona viatu. Vya wanaume, vya wanawake, vya watoto, kutoka kizingitini mpaka njiani. Vimejaa hata sikupata pa kuvua vyangu.

Hapana aliyeniambia. Marhoun alinishika mkono, na Suhaila akatoka akanitazama, akarudi ndani. Nikazitafuta ndara za Mwanamize katikati ya viatu vile. Zilikuwa palepale pake, ncha zimeelekea nje.

Tumemzika alasiri. Watu wengi. Hapana aliyecheka.

Jumatano, 21 Agosti

Hitma imekwisha juzi. Masufuria ya watu yamerudishwa. Nyumba kubwa hii, sikuwa najua.

Suhaila kanieleza. Asubuhi ile mama yake aliamka na akili zake, akauliza nilipo. Suhaila akamwambia nimekwenda Wete kufuata hema. Marhoun alikuwa mlangoni, akasema gari iko tayari, waondoke saa hiyohiyo. Mwanamize akasema hapana, hendi bila mie. Kisha akacheka kidogo, akasema mwacheni, anachagua. Akalala.

Wakati Suhaila ananieleza nilikuwa nakunja kanga zake. Sijui kukunja kanga. Nimezikunja zote, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Kitandani pake sipaoni pa kulala. Mchana huu nimekaa kwenye bodi ya pikapu, uani, mkeka chini. Nimejaribu kuvuma mawimbi kwa mdomo. Yanatoka kama tairi lenye pancha. Marhoun alichungulia juu ya ukuta. Nikasubiri anicheke. Akaruka ukuta, mzee mzima na kikoi chake, akaja akakaa pembeni yangu. Akajaribu na yeye. Mabaya kuliko yangu! Nimemwambia hivyo.

Tulikaa mpaka jua likatufukuza.

Jumapili, 25 Agosti

Kontena limefunguliwa! Hema liko mezani kwangu, kwenye boksi lake. Madirisha manne kweli. Marhoun kayaona. Kasema mazuri. Hakusema kwa wivu, na hilo limenikera kidogo.

Lakini lina kasoro. Kitambaa cha mlango kina zipu ya plastiki. Kwa chumvi ya pwani, zipu ya plastiki? Jamaa yangu wa Wete anasema kontena jengine linakuja mwezi ujao na mahema yenye zipu ya shaba. Hili nitalirudisha.

Suhaila anarudi Unguja kesho kwa boti, skuli zinamngoja. Baada ya chai kakaa karibu yangu. Kasema, baba, leo hii nipeleke Vumawimbi. Tuchukue mkeka na chupa ya chai, tumsomee mama Yasini palepale, tulale, alfajiri unipeleke bandari ya Mkoani nikapande boti. Mie na wewe tu. Kanishika mkono.

Nikamwambia fikra nzuri mno, mwanangu, tena mama yako angefurahi. Lakini kulala pwani kunataka matayarisho. Angoje kontena la mwezi ujao, ndipo twende kwa heshima, na zipu ya shaba.

 Suhaila kavaa baibui lake, kachukua mkeka mwenyewe, kaenda kugonga mlango wa Marhoun. Sasa hivi nasikia gari ya Marhoun inatoka, nao ndani.

Watoto wa siku hizi hawana subira.