Makonge Yaliyotembea

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimetangazwa mkulima bora wa kijiji kizima! Makofi! Picha!

Sawa. Si mimi. Ni Hesbon, jirani yangu. Ila kwenye picha kiwiko changu kinaonekana.

Ushirika wetu wa kahawa unatafuta cheti. Ati wanunuzi wa ng'ambo hawataki kahawa ya mtu aliyenyakua ardhi ya wenzake. Kwa hivyo Hesbon, mfano mwema, amepewa kibao cha kijani, kina jina lake na ndege mdogo. Anakipangusa kwa mkono wa shati. Nekesa, mke wangu, amemkaribisha chai kwa kikombe cha maua. Mimi, miaka arobaini na moja ya ndoa, nakunywa kwa kile cha plastiki.

Jumatano, 5 Machi

Nimeenda mpaka Kitale. Nikamwomba Ishwar wa duka la rangi anichoree kibao kikubwa kuliko cha Hesbon. Ndege wawili. Akauliza cheti kiko wapi. Nikamwambia kibao kitangulie. Amecheka mpaka miwani ikaanguka. Nimerudi na brashi tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi, binti mmoja aitwaye Sandra, anakuja Jumamosi. Atakagua chemchemi, ile ardhi ya kijiji iliyo katikati ya shamba langu na la Hesbon. Akikuta mwanachama mmoja amelima humo, familia zote arobaini zinakosa cheti.

Wazo! Mwanachama huyo awe Hesbon.

Ijumaa, 7 Machi

Hesbon ameenda mazishi Chwele. Nimeng'oa makonge kumi na mawili kwenye mpaka wangu, nikayapanda upande wa Hesbon, ndani ya ardhi ya chemchemi. Ataonekana amesogeza mpaka wake! Kiuno kinaniua. Nekesa aliuliza matope ya magotini ni ya nini. Nikasema nilikuwa naomba.

Jumamosi, 8 Machi

Umati! Nikamwonyesha Sandra makonge ya Hesbon kwa huzuni kubwa. Tamu hiyo.

Halafu Mama Rosaline wa kamati ya maji akainama, akauliza mbona haya yamekatwa ncha. Kijiji kizima ni Nekesa peke yake anayekata ncha za makonge, ati zisimtoboe ndama wetu jicho. "Mzee Wekoye," akasema, "makonge yako yamehama bila hata kuaga?"

Wote wakaniangalia. Hata ndama.

Sandra akafuata mashimo kumi na mawili mpaka kwangu. Akauliza kama najua mpaka wa zamani. Najua? Mimi ndiye nilimshikia mpimaji mnyororo! Basi akatoa ramani ya mpimaji huyohuyo. Akapita mashimo, akapita majani ya ng'ombe, akasimama katikati ya migomba yangu. Hesbon akachimba. Ngee! Chuma cha bikoni, alama ya mpaka aliyoizika mpimaji.

Hatua kumi na tisa kutoka kwenye mashimo. Si kwamba niliiba, bana. Kila mwaka nilisogeza hatua moja tu. Mkonge nao unataka hewa.

Sandra amesema migomba itoke kufikia Jumatatu, la sivyo hakuna cheti kwa mtu yeyote. Mama Rosaline akasema miaka yote hii wanawake wanasukumana kwenye tope na mitungi, wakidhani Mungu aliwapa chemchemi nyembamba. Hiyo iliniuma. Kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Migomba imetoka. Wa kwanza kufika na panga alikuwa Hesbon. Hakunitukana hata mara moja. Jeuri ya namna gani hiyo! Cheti tumepata, na waliyemshangilia ni yeye. Nekesa amemchinjia kuku. Kuku wangu!

Nimekaa, nimefikiri. Ni nani aliyemwonyesha Sandra mambo ya mipaka? Si ni mimi? Bila mimi ile bikoni ingelala chini ya ndizi mpaka kiyama. Kijiji kinanidai shukrani? La, mimi ndiye nakidai! Na kesho kamati inajenga ukuta wa simiti pale chemchemi. Nimemwandikia Mama Rosaline barua, nainakili hapa:

Mama, sitaki makubwa. Simiti ikiwa bado mbichi, niachieni tu nafasi ya maneno sita: Ardhi hii ilitolewa na Mzee Wekoye. Kijiti ninacho.