Kinyozi Aliyeishinda Chafya

Sogeeni, enyi wenye masikio, nawe uliye jikoni punguza moto, niwasimulie vita vilivyopiganwa ndani ya suruali moja. Shujaa wake ni Kinyozi, mshika wembe, mtiisha ndevu za wakubwa, ambaye madaktari walimtoa tezi dume wakamrudishia uhai, ila mlango wa kibofu wakauacha bila bawabu. Akikohoa, tone, akicheka, matone, akipiga chafya, mafuriko!

Akafunga duka, akaapa: "Sitasimama nyuma ya kichwa cha mtu nimevaa nepi kama kitukuu wangu!"

Nesi alikuwa amemwagiza abane misuli ya chini, kama azuiaye mkojo na upepo kwa pamoja, kisha aachie, na arudie kila siku. Basi akaketi sebuleni kama mfalme, akabana. Macho yakamtoka, mishipa ya shingo ikasimama, na adui akapita vilevile.

Mkewe, mwenye jicho la mwewe, akatua sufuria.

"Baba watoto, mbona umevimba kama chura? Unapumua kweli?"

"Kupumua? Maisha yangu yote, wembe ukifika kooni mwa mtu, pumzi nafunga, mkono usitikisike!"

"Sasa huko chini kuna koo la nani? Ukifunga pumzi unausukuma mkojo mwenyewe. Legeza tumbo. Na hayo meno, utayavunja! Bana huku unaniimbia."

Nani asiyemtii jemadari wa namna hiyo? Akabana akiimba, akabana akimenya viazi, akabana akiwasalimu majirani, nao wasijue kuwa wanaongea na jeshi lililo mazoezini. Miezi ikapita, nepi zikapungua, hata asubuhi moja akafungua duka bila nepi, amevaa suruali ya kijivu, ile isiyoficha hata tone.

Fundi viatu akawa wa kwanza kukalia kiti. "Karibu tena, mzee! Tulidhani umeuza mikasi."

Akanyolewa, akapakwa poda shingoni. Poda ikapaa kama vumbi la farasi elfu, ikaingia puani mwa shujaa. Akaweka wembe mbali. Akabana. Akapumua.

"Chyaaa!"

Kioo kikatetemeka. "Lo! Umeniziba masikio!" akalia fundi viatu.

Kinyozi akajitazama chini, kisha akashika simu. "Mama watoto! Nimepiga chafya!"

"Ehe?"

"Hakuna kitu!"

Vigelegele vikapasua simu, mpaka fundi viatu akauliza nani kajifungua.

Basi na iwekwe katika tarehe za dunia, baina ya kuanguka kwa ngome na kutawazwa kwa wafalme: asubuhi ile mtu alipiga chafya kazini, akabaki mkavu, akaendelea kunyoa.