Nilivyoihamisha Programu ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka nikiwa bado bwana harusi. Raha iliyoje! Mke wangu alikuwa anachana nywele mbele ya kioo, nikamtazama mpaka chai yangu ikapoa. Akaniambia niache kumkodolea macho kama fundi anayekagua ukuta, tunachelewa kazini. Hata akigomba ni muziki.

Kazini ni dukani kwa baba yake, duka la vifaa vya ujenzi. Mke wangu keshia, mimi stoo. Dosari moja tu: hatujaenda fungate. Baba mkwe hatoi likizo mpaka programu ya mauzo itoke kwenye kompyuta kuukuu ya chumba cha nyuma, yenye skrini nyeusi na herufi za kijani, ambayo siku hizi inanuka kuungua. Msimbo wake, yale maandishi ya ndani yanayoiendesha, uliandikwa zamani na mzee mmoja mpole, mwenye adabu zake.

Leo shemeji, kaka wa mke wangu, tunayemwita Injinia, alisema kuuhamisha ni kazi ya miezi mitatu. Kidogo kidogo, huku ya zamani ikiendelea kutumika. Miezi mitatu! Nikasimama. Nikasema mimi Ijumaa nimemaliza. Baba mkwe akaniangalia juu ya miwani. Akasema haya, mkwe: ukifaulu, Jumamosi mnaondoka. Ukiharibu, fungate uisahau mwaka huu, na utahamia kubeba saruji.

Nimeshachagua shati la kusafiria.

Jumanne, 5 Machi

Kompyuta mpya! Nimeweka ile programu ya kisasa ya kuandikia msimbo. Maneno yanang'aa rangi kama kadi ya harusi. Ukikosea, inakupigia mstari mwekundu. Ikikutilia shaka, wa njano. Myekundu nimeimaliza kwa masomo ya kwenye simu. Ya njano ilijaa skrini nzima, nikagundua pa kuizimia. Sasa safi kabisa!

Injinia akapita. Akasema, shemeji, ile ya njano ilikuwa na maana yake. Kisha akauliza kama nimetunza nakala. Nikamwambia mwanamume anayejua anachofanya hahitaji nakala. Akacheka kwa pua. Wivu tu. Yeye hana mke.

Jumatano, 6 Machi

Inafanya kazi! Nilibonyeza, ikaamka. Nimeruka hadi nikagonga rafu ya misumari.

Ila msimbo wenyewe mkavu, jamani. Hauna mapenzi. Kila mstari ni mteja, mteja, mteja. Programu hii ya kisasa ina amri moja tamu: unaandika neno la zamani, unaandika jipya, unabonyeza, linabadilika kila mahali. Nikaandika mpenzi. Nani atajua? Msimbo hukaa ndani, kama moyo. Sasa kila nikiufungua namwona mke wangu.

Mchana akapita mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikampa ile kompyuta kuukuu, na mahali pake nikaweka maua kwa ajili ya mke wangu. Alipoyaona mke wangu akaniuliza kama baba yake anajua. Nikasema atashangaa. Akasema hicho ndicho anachokiogopa.

Alhamisi, 7 Machi

Imeanza kutumika kaunta. Bei sawa, hesabu sawa, risiti zinatoka puu puu. Baba mkwe alinipigapiga bega mbele ya Injinia!

Lakini kuna doa. Fundi bomba mmoja, kifua kama pipa, alikuja asubuhi kununua elbo, ile kona ya bomba. Akasoma risiti. Akamtazama mke wangu, akatabasamu. Akaondoka. Akarudi kununua elbo nyingine. Akarudi tena, nywele zimechanwa! Nani hununua elbo mojamoja? Na dereva wa lori la mchanga naye, kasoma risiti yake, kamkonyeza mke wangu, kamwambia hata yeye pia. Hata yeye nini?

Nikahamia nyuma ya kiti cha mke wangu, nondo mkononi. Akaniambia niache ushamba, nawatisha watu. Baba mkwe amefurahi, hajawahi kuona Alhamisi yenye pilika hivi. Programu yangu hiyo!

Ijumaa, 8 Machi

Mke wa fundi bomba kaingia na risiti kiganjani, kazitoa mfukoni mwa shati la mumewe. Kazibamiza kaunta. Akauliza ni mwanamke gani humu anayemwita mume wake mpenzi. Baba mkwe akachukua moja, akaisoma kwa sauti ile ile anayosomea bei:

"Mpenzi, asante kwa kuja. Nakungoja urudi. Keshia wako."

Kumbe yule mzee mwenye adabu alikuwa ameandika "mteja" hadi kwenye shukrani! Mke wangu akageuka polepole kunitazama. Sijapata kumwona mzuri vile, wala mkali vile. Nikamwahi mama yule, nikamweleza kwamba aliyemwita mumewe mpenzi ni mimi.

Haikusaidia.

Baba mkwe akaamuru ile ya zamani irudishwe. Nikamtaja mnunuzi wa vyuma. Akakaa chini. Injinia akatoa flashi: nakala aliyojitunzia. Ataanza upya, kwa miezi yake mitatu. Baba mkwe akasema mimi saruji, kuanzia kesho. Ndipo mke wangu akasema yeye hakai tena kaunta mpaka madereva wasahau. Injinia naye akasema hagusi kitu nikiwa ndani ya jengo hilo, hata stoo, hata kwenye saruji. Baba mkwe akafumba macho. Akasema basi nendeni hiyo fungate, wote wawili, kesho, na huyu asiguse chochote chenye waya.

Niliahidi Jumamosi, na Jumamosi ndiyo hiyo!

Jumamosi, 9 Machi

Fungate! Dirisha linatazama maji. Mke wangu kanisamehe. Amemwigiza baba yake akisoma risiti mpaka machozi yakamtoka, kisha akaniapisha nisiguse kompyuta. Nikaapa, mkono kifuani. Sasa hivi ameenda kuogelea.

Maskini mpokezi wa hoteli! Programu yao ya vyumba ni ya kale, inajikokota. Nimemwambia kesho itakuwa mpya. Nimeuona msimbo wake. Mgeni, mgeni, mgeni. Ukavu mtupu. Lakini mpenzi siandiki tena, mimi si mjinga.

Nimeandika "mke wangu".